Gurudumu Lililoiua Skeitibodi, na Lililoifufua

Watu wakisimulia historia ya skeitibodi hupenda kuanza na watu. Utasikia habari za vijana wa California waliokosa mawimbi ya kuchezea, utasikia habari za Tony Hawk na ile mizunguko yake miwili na nusu hewani mwezi Juni 1999, na siku hizi utasikia habari za Olimpiki ya Tokyo. Sawa. Mimi leo nataka tuanze chini kabisa, kwenye kitu ambacho hakionekani vizuri kwenye picha kwa kuwa muda wote kinazunguka: gurudumu, pamoja na beringi iliyomo ndani yake.

Nina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mchezo huu ulishawahi kufa, mwaka 1965, na kilichouua kwa sehemu kubwa ni gurudumu baya. Karibu miaka minane baadaye ukafufuka, na kilichoufufua ni gurudumu zuri. Ya pili ni ya mfukoni zaidi. Wapo kati yenu wanaonunua vitu hivi, au wanaomwagizia binamu aliyeko Ujerumani au Marekani, na wanababaishwa na namba zilizoandikwa kwenye paketi. Namba zile zina historia. Ukiijua, kuna fedha utaokoa, na pengine meno pia.

Haya, twende.

Kuvaa magurudumu miguuni ni wazo la zamani. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1760 fundi mmoja Mbelgiji aliyeitwa John Joseph Merlin aliingia kwenye dhifa ya watu wakubwa jijini London akiwa amevaa viatu vya magurudumu huku akipiga fidla. Alipendeza sana mpaka pale alipotakiwa kukata kona. Hakuweza kukata kona wala kusimama, akakivaa kioo kikubwa cha thamani, akakivunja, akaivunja na fidla yake, na yeye mwenyewe akaumia. Tatizo lake lilidumu kwa karne nzima baada ya hapo: unaweza kumwekea mtu magurudumu, lakini je, atageukaje?

Jibu lilitoka New York mwaka 1863, kwa James Plimpton. Yeye aliweka ekseli mbili chini ya kila kiatu, na kati ya ekseli na soli akaweka kipande cha mpira, ili mtu akiinamia upande mmoja, magurudumu yenyewe yageukie upande huo. Chukua skeitibodi yoyote leo, igeuze juu chini, utaona mpira ule ule ukiwa kazini. Hapo ndipo yalipoanza mambo yote. Kilichobaki kilikuwa ni kufanya gurudumu lizunguke bila kusugua ekseli, na hapa tunaingia kwenye habari ya gololi.

Sisi wengine tuliijua gololi kabla ya kuijua beringi. Mtoto wa mtaani akipita gereji hupewa beringi iliyokufa, huipasua kwa jiwe, hutoa zile gololi za chuma na kwenda kuchezea. Asichoambiwa ni kwamba ameshika mkononi moja ya vitu vilivyoibadilisha dunia. Mwaka 1794 Philip Vaughan, mfua chuma wa Carmarthen huko Wales, alipata hataza ya ekseli ya gari la farasi yenye gololi ndani. Mwaka 1869 Jules Suriray wa Paris alipata hataza ya gololi za baiskeli, na mwezi Novemba mwaka huo huo James Moore akashinda mbio za baiskeli kutoka Paris hadi Rouen, kilomita zaidi ya 120, akiwa juu ya baiskeli yenye beringi hizo. Mashindano ya gololi na ekseli kavu yaliishia pale.

Lakini kulikuwa na kikwazo ambacho ndicho hasa nataka ukikumbuke tutakapofika kwenye zile namba za paketi. Beringi yenye gololi saba hufanya kazi vizuri ikiwa gololi zote saba zinalingana. Moja ikiwa kubwa kidogo kuliko wenzake, hiyo moja inabeba mzigo wote, wenzake wanatembea bure, na haichukui muda inachakaa. Kuzichonga kwa mkono zilingane ni kazi ya kukatisha tamaa. Mwaka 1883 Friedrich Fischer, wa mji wa Schweinfurt nchini Ujerumani, alibuni mashine ya kusaga gololi nyingi kwa pamoja mpaka zilingane na ziwe duara kamili. Kuanzia hapo beringi ikawa kitu cha kiwandani, na Schweinfurt ukawa mji wa beringi. Mwaka 1907 Waswidi nao wakaanzisha SKF kule Gothenburg, kwa beringi ya Sven Wingquist.

Ukitaka kujua beringi ina uzito gani, jiulize kwa nini Wamarekani waliwatuma marubani wao Schweinfurt mwaka 1943. Haukuwa mji mkuu, wala hapakuwa na jeshi la kutisha pale. Walikwenda kwa sababu ya viwanda vya beringi, wakiamini kwamba bila gololi hakuna ndege, hakuna kifaru, hakuna lori la Hitler litakalotembea. Tarehe 14 Oktoba 1943 peke yake walipoteza ndege 60 za B-17, kila moja ikiwa na watu kumi. Vita haikuisha siku ile kama walivyotumaini, lakini watu 600 kuondoka kwenye hesabu kwa siku moja kwa ajili ya kitu ambacho mtoto wa Temeke anakichezea kwenye vumbi, si jambo dogo.

Turudi kwenye mchezo. Viatu vya magurudumu vilipata gololi mapema, kwa hataza ya Levant Richardson wa Marekani mwaka 1884. Skeitibodi yenyewe haina mvumbuzi mmoja, na anayekutajia jina moja anakudanganya. Katika miaka ya 1940 na 1950 watoto wengi wa Marekani, kila mmoja kivyake, walichukua kiatu cha magurudumu, wakakipasua katikati, wakapigilia nusu moja mbele ya ubao na nusu nyingine nyuma. Magurudumu yalikuwa ya chuma. Chuma juu ya saruji kinapiga kelele za kutoboa masikio, kinatetemesha mpaka ubongo, na hakishiki ardhi hata kidogo. Watoto wetu waliotengeneza vigari vya mbao kwa beringi za gereji wanaijua sauti hiyo vizuri, kwa kuwa kwao beringi yenyewe ndiyo ilikuwa gurudumu, chuma kitupu juu ya lami.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 likaja gurudumu la udongo. Liliitwa hivyo, ingawa ndani yake mlikuwa na mchanganyiko wa vitu vilivyosagwa na kugandamizwa. Lilitoka kwenye kumbi za ndani za kuchezea viatu vya magurudumu, ambako sakafu ni ya mbao laini iliyopigwa msasa na nta. Huko lilikuwa zuri kabisa. Larry Stevenson, mwokoaji wa ufukweni aliyekuwa pia na jarida la kuteleza kwenye mawimbi, alianza kuuza bodi za Makaha mwaka 1963, na Hobie nao wakaingia. Ghafla kila mtoto wa California alitaka ubao. Biashara ikachanganya kweli kweli. Mwezi Mei 1965 jarida la Life liliweka kwenye jalada lake picha ya Pat McGee, bingwa wa kike wa Marekani, akiwa amesimama kwa mikono juu ya skeitibodi, vichwa chini miguu juu. Lakini kichwa cha habari hakikuwa cha kusifia tu. Kilitaja kichaa cha skeitibodi, na kikataja pia hatari yake.

Hatari ilikuwa ya kweli. Gurudumu la udongo lilipotolewa kwenye ukumbi na kupelekwa barabarani lilikuwa gumu kiasi kwamba likikutana na kokoto moja, ndogo kama punje ya hindi, linasimama papo hapo. Ubao unasimama. Wewe husimami. Ukijaribu kukata kona ya nguvu, linaserereka bila taarifa. Na lilikuwa likimeguka na kuisha haraka. Beringi zake nazo zilikuwa za gololi zilizo wazi, zimeshikiliwa na koni na nati, na nati ikilegea zinamwagika barabarani moja baada ya nyingine. Madaktari walianza kuhesabu mifupa iliyovunjika, miji kadhaa ikapiga marufuku, maduka yakakataa mzigo mpya, na kabla ya mwaka kuisha biashara ikawa imekufa. Viwanda vilivyokuwa vikitoa bodi kwa maelfu vikabaki na stoo zilizojaa.

Hapa huwa nabishana na wanaosema mchezo ulikufa kwa sababu wazazi ni waoga au kwa sababu wanasiasa hawapendi vijana. Wazazi waoga wapo kila zama. Hata mtindo kupita una sehemu yake, siukatai. Lakini mtoto anayeanguka kila siku kwa sababu ya punje ya kokoto hahitaji polisi wa kumzuia, atachoka mwenyewe. Wakati huo huo walioendelea kucheza baada ya 1965 walikuwa wakiokoteza magurudumu ya udongo kwenye maduka ya zamani, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anafikiria kutengeneza lingine.

Mtu aliyefikiria alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, Frank Nasworthy. Mwaka 1970 alitembelea kiwanda kidogo cha plastiki kilichoitwa Creative Urethanes, katika mji wa Purcellville, jimbo la Virginia, upande wa pili kabisa wa Marekani ukitokea California. Kiwandani pale aliona magurudumu ya viatu yaliyotengenezwa kwa yurethani. Kemia ya yurethani ilikuwa imevumbuliwa nchini Ujerumani na Otto Bayer na wenzake mwaka 1937, na kufikia wakati ule ilishaingia kwenye magodoro, rangi na vipuri vya mitambo. Magurudumu yale yalikusudiwa viatu vya kukodisha, kwa ajili ya wanaojifunza, kwa kuwa yanashika sakafu na mtu haanguki ovyo. Wachezaji wazoefu wa ukumbini waliyadharau, wakisema yanawapunguzia mwendo.

Sasa angalia. Sifa ile ile iliyoonekana ni kasoro ukumbini, barabarani ndiyo iliyokuwa inatafutwa. Nasworthy alichukua seti, akazifunga kwenye bodi yake ya zamani, akatoka nje. Ubao ulikuwa kimya. Kokoto zilipita chini yake bila kumtupa. Alipohamia Encinitas, California, akakuta vijana wa huko bado wanahangaika na udongo, ndipo akaamua kuagiza magurudumu ya saizi yake kutoka kile kile kiwanda cha Virginia, akaanza kuyauza kwa jina la Cadillac, kama lile gari la kifahari lisilokutikisa. Hiyo ilikuwa kati ya 1972 na 1973. Mwanzoni wenye maduka ya vifaa vya mawimbi walisita, si unajua tena, mtu aliyeungua na stoo ya 1965. Aliwapa vijana wachache wajaribu. Ikatosha.

Yurethani haikuwa mali yake, na gurudumu la yurethani lilikuwepo kabla yake, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kuwazuia wengine. Ndani ya miaka michache soko likajaa majina mapya na Cadillac likamezwa. Nasworthy hakuondoka bilionea. Inaniuma kidogo kwamba vijana wengi wanaoweza kukutajia mabingwa kumi wa skeitibodi hawajawahi kulisikia jina lake, wakati kila mmoja wa mabingwa hao alisimama juu ya wazo lake.

Yurethani ilitatua nusu ya tatizo. Nusu ya pili ilikuwa zile gololi za kumwagika. Karibu mwaka 1975 kampuni ya NHS ya Santa Cruz ilianza kuuza gurudumu la Road Rider, lenye matundu mawili yaliyotengenezwa kupokea beringi kamili za kiwandani, zilizofunikwa. Hukaza koni, hupaki grisi kila jioni, huokoti gololi. Unasukuma beringi ndani, unakaza nati, unaondoka. Kwangu mimi hiyo ndiyo tarehe ya kuzaliwa kwa skeitibodi tunayoijua. Mwaka 1976 na 1977 California ikapata ukame, watu wakaacha mabwawa yao ya kuogelea bila maji, na vijana wakagundua kwamba kwa magurudumu haya wanaweza kupanda ukuta wa bwawa na kurudi salama. Ukame bila yurethani ungebaki kuwa ukame tu.

Beringi iliyochaguliwa inaitwa 608. Haikubuniwa kwa ajili ya mchezo wowote. Ni saizi ya kawaida ya viwandani: tundu la milimita 8, upana wa nje milimita 22, unene milimita 7. Imo kwenye mota ndogo za umeme na vifaa vya mafundi, na ndiyo ile ile iliyokuwa katikati ya vile vidude vya kuzungusha kwa kidole vilivyovuma dunia nzima mwaka 2017. Bodi moja ina beringi nane, na kwa kawaida kila moja ina gololi saba. Kwa hiyo umesimama juu ya gololi 56. Kwa kuwa zinatengenezwa kwa wingi wa kutisha, bei yake iko chini, na fundi anayejua kazi yake anaweza kukupatia 608 hata kama hajawahi kuiona skeitibodi.

Tufike sasa kwenye namba. Paketi ya beringi utaikuta imeandikwa ABEC 3, ABEC 5, ABEC 7, na ile ya kutambia ni ABEC 9. Muuzaji atakwambia namba ikiwa kubwa ndivyo unavyokimbia zaidi. Si kweli. ABEC ni kamati ya wahandisi wa beringi wa Marekani, na namba yao inapima jambo moja: vipande vya beringi vimekaribia kiasi gani vipimo vilivyokusudiwa. Ni ile habari ya Fischer na mashine yake. Haisemi chuma ni kizuri au kibovu, haisemi gololi zimesuguliwa vipi, haisemi mafuta gani yamewekwa, wala haisemi beringi itastahimili vipi ukiruka ngazi tano na kutua upande.

Fanya hesabu mwenyewe. Gurudumu la milimita 54 lina mzingo wa sentimita 17 hivi. Ukienda kilomita 20 kwa saa, linazunguka kama mara 2,000 kwa dakika. Beringi ya 608 ya kawaida kabisa inaweza kuzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika. Usahihi wa ABEC 9 una maana kwenye mashine zinazozunguka kwa kasi hizo. Wewe uko kwenye sehemu moja ya kumi na tano, tena umebeba vumbi. Baadhi ya watengenezaji wenyewe walishaikimbia namba hiyo. Kampuni ya Powell Peralta, iliyoanzishwa mwaka 1978, inauza beringi za Bones bila kuziandika ABEC kabisa, ikisema zimetengenezwa kwa kuangalia mahitaji ya skeiti. Wapinzani wao wanasema hiyo nayo ni biashara, na ni kweli ni biashara, lakini hoja yao kuhusu ABEC iko sahihi. Ninachokushauri ni kununua beringi ya bei ya kati ya kampuni inayojulikana, na kuachana na seramiki. Gololi za seramiki ni ngumu na hazishiki kutu, lakini ringi zake bado ni chuma, na maji yakiingia chuma kitafanya kama chuma kifanyavyo.

Namba ya gurudumu ndiyo ya kuangalia kwa makini. Ni mbili. Moja ni upana kwa milimita. Nyingine ni ugumu, unaopimwa kwa duromita, kifaa chenye kisindano na springi kinachosukumwa kwenye kitu ili kuona kinabonyea kiasi gani. Kipimo hicho ni cha Albert Shore, kimetumika tangu miaka ya 1920, na kwenye magurudumu huandikwa kwa herufi A: 78A ni laini, 99A au 101A ni gumu. Wengine hutumia kipimo cha B, na hapo ongeza kama 20 upate A yake, kwa hiyo 84B si laini hata kidogo. Laini hapa pia ni neno la kulinganisha, maana hata gurudumu la 78A ni gumu kuliko tairi la gari. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Kryptonics wa Colorado waliwarahisishia watu kwa rangi: jekundu laini, la bluu katikati, la kijani gumu.

Kwa nini ugumu ukupe shida kuchagua? Kwa sababu jibu linategemea unapokanyaga. Kwenye sakafu nyororo gurudumu gumu lina kasi zaidi, kwa kuwa halibonyei, na nguvu haipotei. Kwenye lami iliyokwaruza mambo yanageuka. Gurudumu gumu likikutana na kijiwe inabidi liinue ubao pamoja na wewe mwenyewe juu ya kile kijiwe, maelfu ya mara kwa dakika, na kila mara linakula mwendo wako. Laini linakimeza kijiwe na kuendelea. Ndiyo maana mtu aliyevaa 78A anampita mwenye 101A kwenye barabara mbovu, na ndani ya uwanja wa saruji iliyosuguliwa anaachwa.

Mitindo nayo imewahi kuwapoteza watu. Katika miaka ya 1980 magurudumu mengi yalikuwa makubwa, milimita 60 na zaidi. Kisha mchezo ukahamia mitaani, vijana wakaanza kuupindua ubao kwa miguu, ubao mwepesi ukawa ndio ustadi, na gurudumu likaanza kupunguzwa. Kufikia 1992 na 1993 lilishafika milimita 40 au chini ya hapo. Ilikuwa vituko. Beringi ina milimita 22, kwa hiyo yurethani iliyobaki ilikuwa kama ganda la chungwa. Ufa wowote barabarani ulikuwa ni mtaro. Kwa maneno mengine vijana wa 1993 walijirudishia kwa hiari yao tatizo la 1965! Haikudumu, na baada ya miaka michache saizi ikatulia kwenye milimita 50 hadi 54, ambako iko mpaka leo kwa mchezo wa mitaani.

Kwetu Afrika Mashariki historia ni fupi lakini ipo. Mwaka 2006 vijana wa Kitintale, Kampala, walijenga uwanja wa skeiti kwa kuchanganya saruji kwa mikono yao wenyewe. Mwaka 2013 ukajengwa mwingine Nairobi, Kangemi, kwenye makao ya watoto ya Shangilia, kwa msaada wa shirika la skate-aid la Ujerumani. Na kama unadhani ubao wenye magurudumu ni kitu cha wazungu, nenda Goma ukaone chukudu, kigari cha mbao kinachobeba magunia ya viazi na makaa kushuka milima ya Kivu. Gurudumu lake ni la mbao lililovishwa mpira wa tairi chakavu. Mafundi wa Goma walijibu swali lile lile la Nasworthy, ugumu ndani na ulaini nje, bila kusubiri mtu wa Virginia. Mjini Goma chukudu ina sanamu yake.

Tatizo la viwanja vyetu ni kwamba vifaa vingi huja kama msaada au kwenye begi la msafiri, na anayeleta huleta kile kinachopendwa kwao: 52, 99A, beringi za kung'aa. Ndani ya uwanja sawa. Lakini kijana lazima atoke nyumbani afike uwanjani, na kati ya nyumbani na uwanja kuna lami yenye mashimo, kokoto, na mchanga uliosambazwa na mvua ya jana. Kama una uwezo wa seti moja tu, na unaitumia kama usafiri, chukua milimita 58 hadi 60 yenye 78A hadi 85A. Ukiwa mtu wa uwanjani tu, 53 au 54 yenye 99A itakutosha kwa miaka. Wanaotaka vyote kwa pamoja wajaribu za katikati, 92A hadi 95A. Powell Peralta wametoa yurethani mpya ya 93A inayokwenda vizuri barabarani na bado inaserereka ikitakiwa, ila bei yake si ya mwanafunzi.

Beringi zikianza kulia usizitupe. Zitoe, bandua kifuniko kwa ncha ya sindano, zioshe kwa mafuta ya taa mpaka uchafu mweusi uishe, ziache zikauke kabisa, halafu weka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila moja. Kwenye msimu wa vumbi weka grisi nyepesi badala ya mafuta. Utapoteza mwendo kidogo, lakini mchanga hautafika kwenye gololi.